Wimbo mmoja wa Waorma na Wapokomo

Mwanakwaya: Wakuu, tunaunda kikundi cha vijana 16, Waorma (wafugaji) 8 na Wapokomo (wakulima) 8, waimbe sokoni Garsen, kaunti ya Tana River, Kenya. Tuanzie wapi? Na lugha je?

FundiNgoma: Msianze na maneno, anzeni na mdundo. Wiki 2 za kwanza makofi na ngoma tu, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Kisha ubeti mmoja Kiorma, mmoja Kipokomo, kiitikio Kiswahili kisichozidi maneno 8 ili soko zima liitikie. Kila kijana ajifunze ubeti wa mwenzake. Akiimba wa kwao tu, hayo ni mashindano, si wimbo mmoja.

BintiTana: Chujeni mashairi. Kusifu ng'ombe au shamba ni sawa, lakini ukitaja kwa jina njia ya mifugo kwenda mtoni, umechokoza ugomvi wenyewe. Mapigano ya 2012 kati ya jamii hizi mbili yalihusu malisho na maji. Mzee mmoja kutoka kila upande ausikilize wimbo wote siku 3 kabla, pamoja na vibwagizo. Matusi hujificha huko.

Mwanakwaya: Tyuni tuchukue ya nani?

FundiNgoma: Wimbo wa taifa wa Kenya umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, kwa hiyo safari hii tyuni itoke kwa Waorma. Maikrofoni ziwe mbili, hata za kuazima. Ikiwa moja, anayeishika ndiye ataonekana mwenye shughuli, na wengine watakuwa waitikiaji wake.