Je, baba anaweza kumeza kidonge cha kamera badala ya kupimwa utumbo mpana kwa mpira?

Binti wa Sengerema:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, hasa mnaofanya kazi kwenye vyumba vya kamera au mliowahi kupimwa wenyewe.

Baba yangu ana miaka 58, ni mkulima, na ujana wake aliumalizia kwenye uvuvi ziwani. Kwa miezi saba sasa amekuwa akiona damu kwenye choo, siku nyingine ikiwa imechanganyika na makamasi, siku nyingine choo kikiwa cha kawaida na damu ikiwa juu yake tu. Katika muda huo amemeza metronidazo mara tatu kwa maelezo kwamba ni amiba, kisha akaambiwa ni bawasiri na kupewa dawa ya kupaka, lakini hakuna hata siku moja aliyoambiwa apande kitandani achunguzwe huko panapotoka damu. Mwezi uliopita alianza kuishiwa pumzi akipanda kilima cha kwenda shambani. Alipopimwa, damu ilikuwa 8.9, yaani pungufu, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma, na daktari wa hospitali ya rufaa akaandika apimwe tumbo la juu na utumbo mpana siku moja, kwa mpira mwembamba wenye kamera.

Hapo ndipo tulipokwama. Baba anasema mtu mzima mwenye wajukuu hawezi kuvuliwa nguo na kuingizwa mpira nyuma na vijana wa umri wa wanawe. Mjomba aliyeko Maskati naye amempigia simu na kumweleza kwamba siku hizi kuna kidonge chenye kamera, mtu anakimeza asubuhi na kuendelea na shughuli zake, na tangu siku hiyo baba hasikii lingine. Naomba kujua kama kidonge hicho kinaweza kuchukua nafasi ya mpira kwa hali yake, na kama hakiwezi, nimweleze vipi mzee wa namna hii akanielewa.

Muuguzi wa Chumba cha Kamera:

Dada, mpe mzee shikamoo yangu. Mjomba hakusema uongo. Kidonge hicho kilitangazwa mwaka 2000 na kikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 hivi na unene wa milimita 11, na zile za mwanzo zilipiga picha mbili kila sekunde kwa takriban saa nane, zikitumwa kwenye kifaa ambacho mgonjwa anajifunga kiunoni. Uwanja wake hasa ni utumbo mwembamba, ambao mpira wa mdomoni unafika mwanzo wake tu na mpira wa nyuma unachungulia mwisho wake tu.

Zipo pia kapsuli, yaani vidonge hivyo vya kamera, zilizotengenezwa kwa ajili ya utumbo mpana, lakini mzee asidhani kwamba akimeza hiyo ataikwepa dawa ya kuharisha. Kapsuli inadai utumbo uwe msafi hata kuliko unavyodaiwa na mpira, kwa sababu mpira una njia ya kurushia maji na njia ya kunyonya uchafu, ilhali kapsuli inapita na kupiga picha ya chochote ilichokikuta. Ikiona kinyama kilichoota, haiwezi kukikata wala kumega kipande cha kupeleka maabara, kwa hiyo mzee atarudi kwenye mpira uleule alioukimbia, tena baada ya kulipa mara mbili. Na ikiwa kuna mahali utumbo umebana, kapsuli inaweza kukwama hapo. Kwa mtu anayetoka damu na ambaye utumbo wake haujaonwa na yeyote, mimi nisingemshauri aanzie huko.

Kuhusu aibu, mweleze mambo yalivyo. Chumbani kwetu mgonjwa anavaa kaptula maalumu yenye uwazi mdogo kwa nyuma, anafunikwa shuka, analala kwa ubavu wa kushoto magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani, na macho yetu sote yako kwenye runinga ukutani. Anaweza kuomba wahudumu wawe wanaume, mradi aseme mapema wakati wa kupangiwa tarehe. Dawa ya usingizi ikishaingia kwenye mshipa, wazee wengi huzinduka wakiuliza, "Mnaanza saa ngapi?" wakati mimi nimeshaanza kuosha vifaa.

Ninachoomba ukishike kuliko vyote ni maandalizi, kwa sababu vipimo vingi vinavyoharibika huharibikia nyumbani. Vidonge vya madini ya chuma visimamishwe wiki moja kabla, kwa idhini ya daktari wake, kwani hufanya choo kuwa cheusi na chenye kunata kwenye kuta. Siku tatu kabla aache maharage, mboga za majani, mapera, nyanya na kila chenye mbegu au maganda. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa. Juisi ya rosela asiiguse kabisa, wala soda nyekundu, maana kwenye kamera hufanana na damu. Dawa ya kusafishia, ambayo mara nyingi ni unga wa kuyeyusha kwenye maji lita nne, isinywewe yote jioni. Nusu anywe jioni na nusu alfajiri, kwa saa atakazoandikiwa, na kabla ya dawa ya usingizi akae bila kunywa chochote kwa muda wote atakaoambiwa. Ikiwekwa mahali pa baridi inanyweka kidogo. Atajua yuko tayari pale kinachotoka kitakapokuwa maji ya manjano kama mkojo, bila punje. Kama anatumia dawa ya kisukari au ya kuzuia damu kuganda, mseme siku ya kupangiwa tarehe, msisubiri asubuhi ya kipimo.

Mkaazi wa Kisauni:

Mimi si mtabibu, ni mgonjwa, na nakuandikia kwa sababu hadithi ya metronidazo naijua vizuri. Nilipokuwa na miaka 29 nilianza kuendesha na kutokwa na damu, na kwa muda wa karibu mwaka mzima nilitibiwa taifodi mara nne na amiba mara mbili katika zahanati tofauti. Nilifika mahali pa kuchagua kiti cha basi kilicho karibu na mlango, na nilipokuwa nikisafiri kwenda Nairobi nilikuwa sili chochote tangu usiku wa kuamkia safari ili nifike Mtito Andei, kituo cha njiani cha mapumziko, bila ya kumsimamisha dereva.

Nilipopimwa kwa mpira nilionyeshwa picha. Utumbo wenye afya una rangi ya waridi na unang'aa kama ndani ya shavu, na mishipa midogo inaonekana kama mizizi. Wangu ulikuwa mwekundu, umevimba, na kila mpira ulipogusa palitoka damu. Vipande vilivyomegwa vikathibitisha kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ambao kinga ya mwili wenyewe inaushambulia utumbo. Nilianza na mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ya vidonge pamoja na ya kuweka kwa nyuma, ikanituliza miaka miwili, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu na nikahamishiwa dripu ya infliksimabu, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili: ya kwanza, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu wiki ya sita, na baada ya hapo kila wiki nane. Kabla ya dripu hiyo walinipima kifua kikuu na homa ya ini ya aina B, na nikameza dawa ya kinga ya kifua kikuu kwanza, jambo ambalo wakati ule niliona ni kucheleweshwa bure.

Nimepimwa kwa mpira mara tano sasa. Usiku wa kunywa dawa ndio mgumu. Kipimo chenyewe sikikumbuki. Mwambie mzee kwamba aibu niliyoipata kwenye mabasi ilikuwa kubwa kuliko ya chumba kile.

Mzee wa Kariakoo:

Nawasikiliza, lakini mbona hakuna anayesema kwamba mpira unaweza kuutoboa utumbo? Nina ndugu aliyepimwa akaishia kufanyiwa upasuaji usiku uleule. Na hizo dripu ni za watu wenye bima nono. Mkulima wa Sengerema atazipata wapi?

Daktari wa Magonjwa ya Ndani:

Mzee wangu, hoja zako zote mbili ni za haki, na pole kwa yaliyompata ndugu yako. Kutoboka kupo. Katika kipimo cha kuangalia tu hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 1,000, na uwezekano hupanda pale kinapokatwa kinyama kikubwa. Kilichobadilika ni kwamba tundu dogo linaloonekana palepale mara nyingi hufungwa kwa vibanio vidogo vya chuma vinavyopitishwa ndani ya mpira uleule, bila kumfungua mgonjwa tumbo. Ndiyo maana maumivu makali ya tumbo, tumbo kukaza au homa baada ya kurudi nyumbani ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo, si kusubiri kukuche.

Hatari hiyo ipimwe na hatari ya upande wa pili. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye vinyama vidogo viitwavyo polipu, na safari ya kutoka polipu hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, polipu iliyokuwa juu ndani ya utumbo ilimaanisha kupasuliwa tumbo. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York, walianza kuzikata kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira, na tangu hapo kifaa cha kuangalia kikawa pia kifaa cha kutibu. Leo polipu iliyo chini ya sentimita moja hukatwa kwa kitanzi baridi, yaani bila umeme. Iliyotandaa huinuliwa kwanza kwa kudungwa maji chini yake. Na mabingwa wa Japani wametufundisha kuchuna hata uvimbe mpana ukatoka kipande kimoja, kwa kisu kidogo cha umeme, ili maabara ione kingo zake zote.

Mwaka 2021 Marekani iliruhusu programu ya kompyuta inayomzungushia daktari alama kwenye runinga pale inapohisi pana polipu. Inasaidia, kwani hata mikononi mwa wazoefu karibu robo ya polipu zinazoweza kugeuka saratani hupitwa, nyingi zikiwa ndogo. Hata hivyo, mashine nayo haioni kilichofunikwa na choo, kwa hiyo lita nne za sista hapo juu na daktari anayetoa mpira taratibu, kwa dakika zisizopungua sita, bado vinaitangulia kompyuta.

Sasa kwa mzee wetu. Mwanamume wa miaka 58 mwenye damu 8.9, ikiwa ni kwa upungufu wa madini ya chuma, ana mahali anapovuja, na si sahihi kuisingizia bawasiri kabla ya kutazama juu na chini. Kinachoweza kuonekana ni polipu, saratani, kolaitisi kama ya ndugu yetu wa Kisauni, kifua kikuu cha utumbo, au, kwa aliyevua ziwani miaka mingi, kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukaa kwenye kuta za utumbo mpana na kuota vinyama vinavyotoa damu. Kwa macho baadhi ya hivi hufanana. Kifua kikuu na ugonjwa wa Crohn, ambao nao ni wa kinga ya mwili kuushambulia utumbo, vimewachanganya hata mabingwa. Kwa hiyo kipande kinachomegwa kina thamani kuliko picha. Ukimpa mwenye amiba dawa za jamii ya steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, ukidhani ni kolaitisi, utumbo unaweza kutoboka. Ukimpa mwenye kifua kikuu infliksimabu, unakifungulia mlango kisambae mwilini. Hapo ndugu yetu ataona kwamba hakucheleweshwa bure.

Na kuhusu bima, mzee wangu, ni kweli. Infliksimabu ilianza kuruhusiwa kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, na hata sasa ambapo zipo nakala zake za bei nafuu, bado si dawa ya mfuko wa mkulima. Lakini katika orodha niliyoitaja, ni mwenye kolaitisi tu anayeweza kufika huko. Kichocho kinatibiwa kwa prazikwantel, kifua kikuu kwa dawa zinazotolewa bure katika vituo vya serikali, na polipu, ikiwa ni ya kukatika, inaondoka siku ileile ya kipimo.

Binti wa Sengerema:

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu, nikiwa na shukrani. Aliyemshawishi baba hakuwa mimi. Nilimsomea maneno ya kaka wa Kisauni kuhusu kiti cha basi, akanyamaza, halafu akauliza hiyo kaptula inauzwa wapi. Hospitali tuliyokwenda hawakuwa nayo; walimpa gauni na shuka mbili, na kwa ombi lake wahudumu wote walikuwa wanaume. Lita mbili za alfajiri alizinywa akilalamika kwamba ni kama maji ya ziwa yaliyotiwa chumvi, lakini alizimaliza.

Tumbo la juu halikuwa na tatizo. Kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto, wamekuta polipu moja yenye shina, kubwa kiasi cha sentimita mbili na nusu. Nilionyeshwa picha yake: inafanana na uyoga, kichwa kimeiva wekundu. Imekatwa kwa kitanzi, shina likabanwa kwa kibanio ili lisitoe damu, na imepelekwa maabara. Majibu ni baada ya siku kumi na nne. Bawasiri ipo kidogo. Kuna jambo lolote la kuuliza siku ya kuchukua majibu?

Muuguzi wa Chumba cha Kamera:

Mpe mzee hongera. Ulizeni kama polipu ilitoka nzima na kama shina pale ilipokatwa liko safi. Kisha ombeni nakala ya ripoti ya kipimo na mtazame mambo mawili: kama imeandikwa kwamba mpira ulifika mwanzo kabisa wa utumbo mpana, penye tundu la kidole tumbo, na kama usafi wa utumbo ulipewa alama nzuri. Tarehe ya kipimo kijacho itategemea hayo yote pamoja. Vidonge vya madini ya chuma mwulizeni daktari lini avirudie, maana kipimo cha mwisho cha damu kilikuwa 8.9, na kwa wiki mbili hizi asibebe magunia.