Kula mgahawani vijijini Alabama: nilikosea wapi?

Mtoto wa Tandika

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Nipo Dar es Salaam kwa likizo ya wiki tatu, kisha ninarudi magharibi mwa Alabama, ambako ninafanya mafunzo ya ufugaji wa samaki katika mji mdogo ambao barabara yake kuu unaimaliza kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Mafunzo yenyewe hayana tatizo, kwa kuwa Mississippi na Alabama ndiyo majimbo yanayoongoza Marekani kwa mabwawa ya kambare na walimu wetu wanaijua kazi yao. Kinachonishinda ni kula nje.

Siku ya kwanza niliingia katika mgahawa pekee niliouona wazi, nikaagiza chai ili kutoa uchovu wa safari. Nililetewa bilauri kubwa ya plastiki nyekundu iliyojaa barafu, ndani yake chai ya rangi yenye sukari kuliko hata chai ya msibani. Kila ilipofika nusu, mhudumu alikuja na jagi akaijaza bila kuniuliza, nami kwa kudhani ni adabu kumaliza nilichopewa nikazidi kunywa, naye akazidi kujaza. Mhudumu huyo, ambaye kwa umri ni sawa na mama yangu mdogo, alikuwa akiniita "asali", nikashindwa hata kumtazama usoni. Baadaye niliagiza kilichoandikwa kuwa ni biskuti na mchuzi, nikapata mkate laini unaofanana na skonzi, umefunikwa kwa mchuzi mweupe mzito wenye chembechembe za nyama. Mimi ni Mwislamu, na sikujua ile ni nyama ya mnyama gani. Sikula.

Bili ilipokuja ilikuwa kubwa kuliko bei nilizoziona kwenye menyu. Nilihesabu fedha nikalipa hadi senti ya mwisho, na yule mama aliyekuwa mchangamfu muda wote akanyamaza ghafla. Waliowahi kuishi kule naomba wanieleze.

Dada wa Sinza

Kaka, pole, lakini hapo kwenye bili ndipo ulipoharibu. Nimeishi miaka miwili kusini mwa Georgia, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa jambo hili. Hapa kwetu bei unayoiona kwenye menyu kwa kawaida tayari ina kodi ndani, na bakshishi ni hiari ya mtu aliyefurahi. Kule menyu haionyeshi kodi. Alabama jimbo linatoza asilimia 4, kisha wilaya na mji navyo vinaongeza chao, kwa hiyo jumla hupanda ukiwa kwenye kaunta. Bakshishi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, na Alabama haina kima cha chini chake yenyewe. Kisheria mwajiri anapaswa kufidia iwapo bakshishi haikumfikisha mhudumu kwenye dola 7.25, ila usitegemee hilo likupunguzie deni. Kwa mlo wa dola 12, acha dola 2 hadi 2 na nusu. Yule mama alidhani umemwambia kwamba amekuhudumia vibaya.

Kuhusu "asali", hakukutongoza. Anamwita hivyo dereva wa lori, anamwita hivyo mchungaji, na hata sherifu akiingia ataitwa hivyo hivyo, kama mama ntilie wa hapa anavyomwita kila mteja "mwanangu".

Abuu wa Ilala

Nimeona wengi wanadhani ukikwepa nyama ya nguruwe iliyo wazi umeshasalimika. Ule mchuzi mweupe kwa kawaida hutengenezwa kwa soseji ya nguruwe, kwa hiyo ulifanya vyema kuuacha, lakini mtego mkubwa uko kwenye mboga. Kuna migahawa ya mchana ambako unachagua nyama moja na vitu vitatu vya pembeni (makaroni ya jibini nayo huhesabiwa kuwa mboga, msiniulize kwa nini), na utaona majani yanayofanana kabisa na sukuma wiki yetu, ukadhani umefika nyumbani. Majani hayo, pamoja na maharage, mara nyingi huchemshwa kwa saa kadhaa na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Mkate wa mahindi nao huenda umepakwa mafuta yake. Usiulize kama chakula kina nyama, maana utajibiwa kuwa hakina, na kwa hesabu yao huo ni ukweli. Uliza kama kimepikwa na nguruwe au mafuta ya nguruwe.

Mimi nilishikilia kambare wa kukaanga, anayeviringishwa katika unga wa mahindi na kuletwa na viduara vya unga huo huo vyenye vitunguu ndani. Mara ya kwanza nilividhani kalimati, nikavitafutia shira. Hata hapo, uliza mafuta ya kukaangia ni ya nini.

Mzee wa Magomeni

Vijana mmesema vizuri, nami nitaongeza la saa. Mwaka wangu wa kwanza Mississippi, familia moja ilinialika chakula cha Jumapili kwa neno la Kiingereza "dinner", ambalo shuleni tulifundishwa kuwa ni chakula cha jioni. Nikafika saa moja usiku nimevaa suti. Vijijini kule, hasa kwa wazee, neno hilo ni chakula cha mchana, na cha jioni kina jina lake jingine. Walikuwa wamenisubiri tangu walipotoka kanisani. Kwa sababu hiyo hiyo, Jumapili ukichelewa utakuta migahawa imejaa watu wa ibada, na mingi ya ile ya nyama moja na vitatu hufunga alasiri.

Usiende pia ukijiona mgeni wa kila kitu, mwanangu. Kando ya barabara zao wanauza karanga za kuchemsha na maganda yake, zenye chumvi, kama hizi za vituo vya daladala. Kunde zilivuka bahari kutoka Afrika na watu waliofanywa watumwa, na bamia nayo vivyo hivyo. Hata mchuzi mashuhuri wa Louisiana uitwao gumbo, jina lake hunasibishwa na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola.

Mtoto wa Tandika

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Limebaki moja: nikirudi nimweleze yule mama kwamba sikujua, au nimwachie tu zaidi?

Dada wa Sinza

Mwachie zaidi, maelezo hayana haja. Kaa kwenye meza anayoihudumia yeye, omba chai isiyo na sukari, na ukitosheka funika bilauri kwa kiganja.