Mjadala: Magofu ya shaba ya Lubumbashi na wasanii wake

Mtoa hoja: Ndugu wasomaji, je, wasanii wanaoyatumia magofu ya Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali ya Kongo, wanawatendea haki waliovuja jasho pale, au wanaupamba ufukara ili upate nafasi katika kumbi za Ulaya? Nitamtaja Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire alizichukua picha nyeusi na nyeupe za vibarua wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyokwisha kufa, aliyoipiga picha mwenyewe kwa rangi. Mimi nasema amewatendea haki, kwa kuwa gofu tupu hupendeza macho bila kumshtaki mtu, ilhali kibarua akirudishwa ndani yake hutulazimisha kuuliza shaba yote ile ilikwenda wapi. Na kuhusu Ulaya, Baloji na wenzake ndio walioanzisha Picha, kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la sanaa Lubumbashi penyewe.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, nakuheshimu, ila umeruka miaka mingi. Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa 1966, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 bado ilizalisha tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka, kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990 na kila kitu kikafuata. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa wa hiari, ingawa mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara hana hiari ya kutajika. Picha inayomweka kibarua wa mkoloni kando ya kutu ya leo humbana Mbelgiji, jambo ambalo ni sawa kabisa, lakini waliokula kampuni baada yake wanapita pembeni bila kuulizwa.

Mtoa hoja: Hapo umenibana, nakiri. Hata hivyo, kutu ile ni ya miaka yao, nayo imo pichani. Ninalolipinga ni neno “gofu” tulilolizoea sote wawili: kile kilima cheusi cha masalia ya tanuri, kando ya dohani kuu, kimekuwa kikichotwa na kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Msanii anayetaka kukichora na awahi.