Zama za Kati kama burudani: nianze na deraya, jiko au sindano?

Binti_Pangani (Bristol)
Wanajamvi, hamjambo. Julai nilipelekwa Tewkesbury kutazama watu wakiigiza vita vya mwaka 1471, na tangu siku hiyo moyo wangu umebaki kule: mahema, moshi wa kuni, mhunzi na nyundo yake, akina mama wakisokota sufu. Kikundi cha huku kimenikaribisha. Nina pauni 300, na nafasi yangu ni Jumapili tu. Nachagua kati ya deraya ya pete niingie uwanjani, mapishi, au ushonaji. Mliotangulia, nishaurini.

Nyundo_Leeds
Dada, mimi nilianza na chuma na nilijuta. Nilinunua shati la pete la bei rahisi, pete zimekutanishwa ncha kwa ncha bila ribiti (kijimsumari cha kuzifungia). Mazoezi ya kwanza tu zikaanza kufunguka kwapani, na kikundi changu kikanikataza kulivaa uwanjani. Pete za wakati ule zilipigwa bapa ncha zake, zikatobolewa, zikafungwa ribiti moja moja. Kazi hiyo ndiyo inayopandisha bei, na kwa pauni 300 utabanwa. Shati linalofika mapajani huwa kama kilo 10, na usipofunga mkanda vizuri kiunoni uzito wote unalala mabegani.

Halafu kuna jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Pete huzuia makali, ila kishindo cha pigo kinapita. Kinachokipunguza ni koti nene la kitani linalovaliwa chini yake, na askari wengi wasio na uwezo walivaa koti hilo peke yake. Louis XI wa Ufaransa, karne ya 15, aliagiza makoti ya tabaka 25 hadi 30 za kitambaa pamoja na ngozi ya paa dume. Kwa hiyo hata ukitaka vita, utapitia kwenye sindano. Kabla ya kununua chochote njoo Royal Armouries, makumbusho ya silaha hapa Leeds, kuingia ni bure, uzitazame pete zenyewe.

Uzi_na_Sufu (Copenhagen)
Nyundo kanimalizia maneno. Shona kwanza gauni la ndani la kitani, kwa mkono, halafu la juu la sufu. Makumbusho ya Taifa ya huku yana nguo zilizofukuliwa Herjolfsnes, Greenland, mwaka 1921. Zilizikwa na wafu, na barafu ikazihifadhi. Ukizisogelea unaona mishono, na pembetatu zilizopachikwa kupanua pindo. Watu wa burudani hii hadi leo hukata nguo zao kwa kuzifuata hizo. Mimi nilitumia miezi mitatu kwa gauni moja na sijutii hata jioni moja. Rangi nazo zina raha yake: mizizi ya mmea wa *madder* hutoa nyekundu, majani ya *woad* buluu.

Kaka_Mkubwa_254
Napinga kidogo. Kama kilichomkamata ni uwanja, kumfungia kwenye sindano au jikoni ni kumchosha. Vikundi vingi vina kofia za chuma na ngao za kuazima kwa wageni. Aazime msimu mmoja, pesa zake akae nazo.

Jiko_la_Mwambao
Kaka, jikoni hafungiwi mtu! Binti, wewe ni wa Pwani, nusu ya kazi unaijua tayari. Wapishi wa Richard II wa Uingereza waliacha mapishi yao kwa maandishi, yapata mwaka 1390. Mna wali wenye kuku na tui la lozi, na sukari. Nasema tui kwa sababu ndivyo lilivyo: unatwanga lozi, unatia maji, unakamua kwenye kitambaa kama tunavyokamua nazi. Siku za mfungo Wakristo waliacha nyama na maziwa, ndipo tui hilo likashika nafasi ya maziwa. Tangawizi, mdalasini, pilipili manga, karafuu, zafarani, vyote vimo. (Karafuu zao zilitoka Maluku, visiwa vya Indonesia, maana Unguja ilianza kuzilima karne ya 19.)

Ila hicho ni chakula cha matajiri. Kambini utapika zaidi uji mzito wa shayiri, njegere kavu na kabichi. Nyanya, viazi mviringo, mahindi na pilipili kali usiviguse, vilikuja baada ya 1492.

Msafiri_Kilwa
Niongeze kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya Kilwa, aliletewa wali wa samli, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Na Kilwa wachimbaji wamepata vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Mezani kwako weka na hiyo sahani, na kigae kimoja. Watu watauliza.

Binti_Pangani (Bristol)
Jamani, ahsanteni sana, hiyo ya Mogadishu imenigusa. Nimeamua: kitani wiki hii, nguo za ndani na koti la tabaka, kofia na ngao nitaazima kama Kaka alivyosema. Jiko la Mwambao, shikamoo. Nimejaribu tui la lozi jana, limetoka jepesi kama maji. Lozi niziloweke usiku kucha, au nimenye kwa maji moto kisha nitwange papo hapo?

Jiko_la_Mwambao
Marahaba mwanangu. Menya kwa maji moto, kisha loweka hadi asubuhi. Maji ya kukamulia yawe ya uvuguvugu, utie kidogo kidogo, na tui la kwanza ulitenge.