Kaupangusa mstari wangu kwa KIDOLE!!! Wakuu nimechoka

BintiJedwali (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni dakika hii hii, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Simtaji. Mnamjua. Kila ofisi inaye: yule bosi ambaye ukimtumia faili halifungui, anasubiri hadi liwekwe ukutani ndipo aanze kulisoma mbele ya watu kumi na tisa.

Nimekesha siku mbili kwa chati moja. MOJA. Miezi kumi na miwili, mistari miwili tu: watumiaji wa mfumo wetu, na malalamiko wanayoleta. Watumiaji wametoka 1,610,000 wakafika 1,840,000. Malalamiko yametoka 40 kwa mwezi yakafika 212. Hiyo 212 ndiyo habari yenyewe! Kikao kiliitishwa kwa ajili yake. Yamepanda zaidi ya mara tano ndani ya mwaka, na niliyeyahesabu moja moja ni mimi.

Basi nawasha projekta. Mstari wa watumiaji uko juu, umenyooka, unapendeza. Wa malalamiko, mwekundu, umelala chini kabisa juu ya mhimili kama nyoka aliyepitiwa na gari. Kabla sijafungua mdomo, mtu kainuka kwenye kiti. Kaenda hadi ukutani. Kainama. Kaupangusa mstari wangu kwa kidole.

KAUPANGUSA. Kwa kidole. Kama vumbi la kabatini.

Halafu kakitazama kile kidole! Kakigeuza huku na huku aone kimechafuka kiasi gani! Ndipo anageuka: "Nilidhani ukuta una uchafu. Haya, malalamiko yako wapi?"

Chumba kizima kilianguka. Watu walicheka mpaka meza ikahama. Hata yule wa mahesabu ambaye hajacheka tangu dunia iumbwe alicheka, jino lake la nyuma kabisa nimelijua leo.

Nikajaribu kueleza kwamba mhimili wa wima, ule wenye nambari, umepanda hadi 2,000,000 kwa sababu ya watumiaji, hivyo 212 inamezwa. Akanijibu, naye yuko makini kabisa: "Kitu kikiwa muhimu kitaonekana chenyewe."

Siku mbili, wakuu. Halafu kidole.

MtoroWaVikao

Siti ya mbele nimeshakaa. Endelea kumwaga.

Mzee wa Fomula

Pole sana binti. Ila tuseme ukweli, huyo bwana hakuona kitu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona. Chati yako ukutani ilikuwa na kimo gani? Tuseme mita 1.5. Mhimili wa 0 hadi 2,000,000. Kutoka 40 kwenda 212 ni malalamiko 172, piga hesabu: mstari wako umepanda milimita 0.13. Sufuri nukta moja tatu! Unene wa mstari wenyewe unazidi hapo mara nyingi. Ulimpeleka mtu mzima mbele ya ukuta akatafute kitu chembamba kama unywele.

NguzoNdefu

Milimita 0.13 🤣🤣🤣 Dada alikesha siku mbili kwa unywele

BintiJedwali

Mzee wangu, hesabu hiyo naijua. Sikatai. Ninachouliza ni hiki: mtu ana mdomo, kwa nini asiulize? Kwa nini KIDOLE? Angeuliza "mbona mstari huu umelala" ningemjibu kwa sekunde kumi. Yeye kaenda kupangusa!

SeliTupu

Samahani mleta uzi, una uhakika nambari zako ni nambari? Zikiingia kama maandishi zinakaa upande wa kushoto wa seli (kile kijisanduku cha jedwali), na Excel, programu ya majedwali, ikichora inazihesabu kuwa sufuri. Mimi iliniponza.

BintiJedwali

SeliTupu soma uzi kwanza. Zimekaa kulia. Zinajumlishika. Zimelala kwa sababu zina jirani wa milioni!

Kipimo Sahihi

Tatizo hapa ni skeli. Bofya mara mbili kwenye nambari za mhimili wa wima, kidirisha kikifunguka weka alama kwenye skeli ya logi. Basi. Kwenye logi kila hatua ni mara kumi: 10, 100, 1,000, zikiwa zimeachana sawasawa. Ukianzia 10 ukamalizia 10,000,000, unapata hatua sita. Ukuta ule ule wa mita 1.5, kila hatua sentimita 25. Malalamiko yako kutoka 40 hadi 212 yanapanda sentimita 18 hivi. Kutoka milimita 0.13 hadi sentimita 18 bila kugusa takwimu hata moja! Angepangusa hadi jioni.

Mzee wa Fomula

Na watumiaji je? Kwa logi hiyo hiyo ongezeko lao lote la 230,000 linakuwa sentimita moja na nusu. Yule yule atainuka tena aseme watumiaji wamekufa. Sasa unamfundisha logi saa ngapi, mtu anayepangusa kuta?

Kipimo Sahihi

Mbona matetemeko ya ardhi watu wanaelewa? Kipimo cha Richter cha tangu 1935 ni logi tupu, la 7 linatikisa ardhi mara mia ya la 5, na kila mtu anakimbia ipasavyo. Watu wanafundishika.

Mama Jumlisho

Wanaelewa kwamba 7 ni kubwa kuliko 5, basi. Hiyo mara mia hakuna anayeijua. Nimefanya kazi na watu miaka mingi, usinidanganye.

Na muwe waangalifu na hiyo logi yenu. Haina sufuri! Mwezi ambao hakuna lalamiko hata moja hauna pa kukaa, Excel itakufokea kwamba sufuri na hasi hazichoreki. Na msije mkaweka logi kwenye chati ya nguzo. Nguzo inasomwa kwa kimo kuanzia sufuri, kwenye logi sufuri hakuna, kwa hiyo kile kimo ni cha uongo. Logi ni ya mistari na nukta.

NguzoNdefu

Hapo kwenye nguzo umenigusa mama. Wa kwangu yeye anataka kila kitu nguzo za pande tatu zenye kivuli. Nguzo za mbele zinaziba za nyuma. Nikimwambia hazionekani anasema "zungusha". Nimezungusha mpaka chati ikatazama dari.

BintiJedwali

Jamani hamjasikia yaliyofuata, acheni nimalizie. Baada ya KIDOLE akasema "upandishe huo mstari tuuone". Kijana mmoja, msaidizi wake, akarukia kompyuta yangu (yangu!), akapeleka malalamiko kwenye mhimili wa pili, wa kulia. Huku kushoto mpaka 2,000,000, kule kulia mpaka 220. Mstari mwekundu ukaruka kutoka sakafuni ukaukata ule wa watumiaji kule juu ya chati.

Mnajua alisema nini? "Kumbe kuanzia mwezi wa nane malalamiko yamewapita watumiaji!"

YAMEWAPITA WATUMIAJI. Malalamiko mia mbili yamewapita watu milioni moja na laki nane! Na imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, nimeiona kwa macho yangu. Kilichoandikwa ni hicho, na cha kidole hakijaandikwa.

MtoroWaVikao

Aisee. Hapo nimekaa chini.

Kipimo Sahihi

Mhimili wa pili ndio adui. Ile mistari inakatana pale ulipoamua wewe. Badilisha 220 iwe 400, wanakatana mwezi mwingine au hawakatani kabisa. Makutano hayo hayana maana yoyote duniani, lakini jicho la mtu haliwezi kuyaacha. Lazima lisome kitu.

SeliTupu

Mimi mhimili wa pili naupenda, tatizo langu ni kuuweka. Ule mstari umelala juu ya mhimili, ukibofya unashika mhimili, ukibofya tena unashika chati nzima. Nimewahi kubofya nusu saa.

Mama Jumlisho

Usibofye, mwanangu. Chagua chati, nenda kichupo cha Format, kushoto kabisa kuna kisanduku chenye orodha ya vitu vyote vilivyomo kwenye chati. Uchague mstari wako kwa jina. Au tumia vishale vya juu na chini kwenye kibodi, vinaruka kutoka kitu kimoja hadi kingine mpaka ufike.

SeliTupu

MAMA. Miaka sita. Miaka sita nabofya!

NguzoNdefu

Halafu mkiweka nguzo kwenye mihimili yote miwili zinapandiana, ya mbele inaifunika ya nyuma yote. Wa kwangu aliona nguzo moja akaniuliza takwimu nyingine nimezila.

Mzee wa Fomula

Binti, nisikilize mimi. Acha logi, acha mhimili wa pili. Gawanya. Malalamiko kwa kila watumiaji milioni moja. Mwanzo wa mwaka 40 kwa milioni 1.61 ni 25. Mwisho wa mwaka 212 kwa milioni 1.84 ni 115. Mstari mmoja, mhimili mmoja, 25 hadi 115, unapanda ukutani kama moshi. Hakuna wa kupangusa wala wa kupitwa.

Ukilazimishwa kuonyesha yote mawili, weka chati mbili, moja juu ya nyingine, miezi ile ile ikiwa imelingana chini. Kila moja na mhimili wake. Au mwezi wa kwanza uufanye 100 kwa kila mstari: watumiaji wanaishia 114, malalamiko 530. Zinakaa ukurasa mmoja bila ugomvi.

BintiJedwali

Mzee, hiyo ya kugawanya ni nzuri na kesho naifanya, Mungu anashuhudia. Lakini aliyepaswa kuniambia "gawanya" ni yeye, mshahara analipwa wa kuniambia hivyo! Badala yake kasimama, kainama, kakitoa kile kidole...

MtoroWaVikao

Dada sasa umeanza kukiota hicho kidole 😂

Kimya Kingi

Huwa nasoma tu siandiki, ila leo mmenichokoza. Nyie mnalia na mstari uliolala. Mimi nimeletewa chati ya duara yenye vipande ishirini na tatu. Kimoja kinachukua asilimia 91. Vile vingine ishirini na viwili vimebanana kwenye kona iliyobaki na kila kimoja kina jina lake na mshale wake, ni kama nungunungu. Niliambiwa nisome kwa sauti.

NguzoNdefu

Nungunungu 😭😭😭 huyu kashinda uzi

Mama Jumlisho

Hiyo ni ugonjwa ule ule, Kimya. Kimoja kikubwa, vingine vyote makombo. Duara halifai hapo, weka pau za kulala, panga kubwa hadi ndogo, na kwenye kila moja andika nambari yake. Au jedwali tu. Watu wanasahau kwamba jedwali linasomeka.

Kimya Kingi

Mama, jedwali nalo? Alilituma na nusu ya mistari kaificha! Nachora chati haina miezi minne, najiuliza nimekosea wapi, kumbe Excel haichori mistari iliyofichwa mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya chati. Saa mbili za maisha yangu.

SeliTupu

Afadhali yako kaficha. Wa kwangu ANAUNGANISHA SELI. Kila kichwa kaunganisha, kila mkoa kaunganisha seli tano tano ili jina likae katikati lipendeze. Ukitaka kupanga kwa ukubwa inagoma, inakwambia seli zilizounganishwa lazima ziwe na ukubwa sawa.

Kipimo Sahihi

Wanaounganisha seli wapelekwe kisiwani. Nasema kwa moyo mmoja.

BintiJedwali

Wakuu, kuhusu kidole, hivi naweza kuandika barua rasmi kumbukumbu za kikao zirekebishwe? Maana ile "yamewapita watumiaji" itasomwa mwakani na jina langu liko juu.

NguzoNdefu

SeliTupu ukiziachanisha jina linabaki seli ya kwanza tu, zingine tupu, utajaza mpaka lini?

SeliTupu

Ndiyo kinacholiza hicho. Mistari elfu tatu.

Mama Jumlisho

Achanisha zote kwa mpigo. Zikiwa bado zimechaguliwa bonyeza F5, nenda kwenye chaguo maalumu, uchague seli tupu. Andika alama ya sawasawa, bonyeza kishale cha juu mara moja, halafu Ctrl na Enter kwa pamoja. Kila seli tupu inajichukulia jina la aliye juu yake. Kisha nakili zote uzibandike kama thamani pekee, bila fomula, usije ukapanga fomula zikachanganyikiwa.

SeliTupu

Imekubali!!! Elfu tatu kwa sekunde moja! Mama nakuombea maisha marefu.

Kimya Kingi

Mama, na tarehe zinazojigeuza zenyewe una dawa yake?