Friday the 13th (1980): hivi yule mama anamlipizia nani kisasi? (natoboa mwisho)

Popobawa wa Mbagala

Wakuu za jioni. Nimemaliza kuangalia Friday the 13th, ile ya kwanza kabisa ya 1980, kuna kitu kinanisumbua, kama hujaiona ishia hapa hapa manake natoboa kila kitu.

Kisa kiko hivi. Mtoto anaitwa Jason anazama ziwani 1957 kwenye kambi ya likizo ya Crystal Lake, vijana waliotakiwa kumuangalia wako bize na mapenzi yao. 1958 vijana wawili wa hapo wanauawa, kambi inafungwa. Miaka ishirini na ushee baadae jamaa anaitwa Steve Christy anaifungua tena, anakusanya vijana wapya wa kazi, giza na mvua vikiingia ndo wanaanza kudondoka mmoja mmoja humo msituni. Mwishoni tunaambiwa muuaji ni mama yake Jason, Bi Voorhees, analipiza kisasi cha mwanae.

Sasa hawa vijana wapya wamemkosea nini? Wengine 1957 walikua bado kuzaliwa au wananyonya. Yule Annie ndo kabisa, hata kambini hajafika, kaomba lifti barabarani kaishia kukatwa koo porini. Hicho ni kisasi au ni wazimu tu wamekipa jina? Na la pili, huyo mama anaibukia dakika za mwisho, muvi nzima hatujamuona popote, hata picha ukutani hamna. Mimi naona tumepigwa changa la macho.

MzeeWaKanda

Hujakosea mkuu kulalamika, ila hilo changa lina sababu zake na sababu kubwa ni hela. Hii muvi imetengenezwa kwa kama dola 550,000 hivi, kwa Marekani ya wakati ule hiyo ni hela ya kuungaunga. Sean Cunningham, dairekta wake, 1979 aliweka tangazo la ukurasa mzima kwenye Variety, gazeti la watu wa filamu, jina la muvi limeandikwa kubwa linavunja kioo, na skripti ilikua hata bado haijakaa sawa. Yaani aliuza jina kwanza, hadithi baadae.

Sasa ukiwa na bajeti hiyo muuaji asiyeonekana ni neema. Angalia vizuri, karibu muvi nzima unaona mikono, buti, au kamera inachungulia nyuma ya mti. Hiyo mikono sehemu nyingi sio ya yule mama, ni ya kijana wa kiume, msaidizi wa Tom Savini fundi wa mekapu. Betsy Palmer aliyecheza mama aliitwa kwa siku chache tu, na mwenyewe alikua anasema wazi kwamba skripti aliiona takataka ila gari lake lilikua limekufa na hela ya gari jipya anaitaka.

Ila sikubali kwamba hakuna dalili. Sikiliza muziki. Harry Manfredini, mtunzi wa muziki wake, aliamua muziki unapiga pale muuaji yupo tu, akiwa hayupo, kimya. Na ile sauti ya "ki ki ki, ma ma ma" inayotambaa msituni ni yeye anaongea kwenye maiki na mwangwi, kaikata kutoka kwenye yale maneno ya mwisho mama akijisemesha kwa sauti ya mtoto, "kill her, mommy" (muue, mama). Kwahiyo sikio lako lilishaambiwa ni mama, jicho ndo lilichelewa.

Popobawa wa Mbagala

Hapo kwenye sauti umenimaliza mkuu nakubali. Lakini nani ataijua "ma" hiyo ni mama kabla ya kuambiwa? Na swali la kwanza hamjaligusa.

Bi Tatu

Nalijibu mimi. Tatizo lako unatafuta nani kamkosea, yule mama hana ugomvi na mtu, ana ugomvi na kambi. Kumbuka dereva wa lori aliyempa Annie lifti ya kwanza, anahesabu mikosi ya pale: mtoto kazama 57, wawili wameuawa 58, halafu moto mara kibao, halafu 62 walitaka kufungua maji yakawa mabaya. Nani alikua anachoma? Nani kaharibu maji? Mama huyo huyo. Anachotaka ni pale pasikanyagwe na mtoto wa mtu tena, sasa kila anayekuja na ndoo ya rangi kupaka vibanda anakua adui, kuzaliwa kwake lini hakumhusu.

Halafu kitu ambacho sioni watu wanakisema. Bi Voorhees siku Jason anazama alikua kazini hapo hapo kambini, anasema mwenyewe, alikua mpishi. Na Annie kaajiriwa afanye nini? Kupika. Wa kwanza kufa kati ya wale wapya ni aliyekuja kushika mwiko wake. Sijui kama walipanga au imetokea tu ila mimi hiyo inanitisha kuliko mashoka yote.

Kitu kimoja sijawasamehe, yule nyoka wanayemkata kwa panga kwenye kile kibanda ni nyoka wa kweli kabisa, aliuawa pale pale kamera ikizunguka. Bajeti ndogo sio sababu.

dogo_edita

Wakubwa shkamoni. Nipo naandaa filamu fupi na washkaji, kisasi porini, hela ndo hivyo tena. Naomba kujua ule mshale unaotokea shingoni kwa Kevin Bacon, muigizaji aliyecheza mmoja wa wale vijana, walifanyaje, nimerudisha nyuma mara kibao sioni kiungo.

MzeeWaKanda

Marahaba. Kichwa ni cha Bacon ila shingo na kifua ni vya bandia vimelazwa kitandani, yeye mwenyewe kapiga magoti chini ya kitanda kapitisha kichwa kwenye tundu. Chini huko wamejibana na watu wa Savini, mmoja anasukuma mshale, kuna bomba la damu. Bomba likachomoka wakati kamera inazunguka, yule msaidizi niliyemtaja akalidaka akalipuliza kwa mdomo, ndo maana damu inatoka kwa kurukaruka vile, imependeza kwa bahati.

Na usijenge chochote dogo. Wao walichukua kambi ya kweli ya maskauti huko New Jersey, ziwa lipo, vibanda vipo, msitu upo, usiku ukiingia unawasha taa mbili tatu, giza linalobaki halikudai kitu.

Popobawa wa Mbagala

Bi Tatu hiyo ya mpishi imeniweka sawa, nitairudia na jicho hilo. Ila kuhusu kuibukia mwisho nabaki pale pale na sipo peke yangu, Gene Siskel, mchambuzi wa filamu wa gazeti la Chicago Tribune, muvi ilimkera hadi akamtaja muuaji kwenye uchambuzi wake makusudi watu wasiende. Wakaenda hivyo hivyo, Marekani tu iliingiza karibu dola milioni 40.

Sasa nimeanza pati tu (sehemu ya pili) ya 1981 nimechanganyikiwa upya. Jason yupo hai, mkubwa, kaishi msituni, na anamuua Alice, yule binti aliyepona mwisho wa muvi ya kwanza, sababu ndo alimkata mama yake kichwa. Kama mtoto hakuzama, mama alikua analipiza nini miaka yote?

MzeeWaKanda

Hakuna jibu mkuu. Ile ya Jason kuchomoza ziwani mwisho wa muvi ya kwanza iliwekwa kushtua watu tu, hamna aliyekua anapanga muendelezo. Hela ilivyoingia ndo wakarudi kutafuta muuaji, mama hana kichwa, kabaki mtoto. Hata Victor Miller aliyeandika skripti hakuipenda hiyo, kwake Jason ni marehemu na mwenye kisa ni mama.

Bi Tatu

Yaani kakaa msitu ule ule, anamuona mama yake anahangaika kuchoma moto na kuharibu maji kwa ajili yake, asitoke hata kumsalimia? Huyo wa pati tu mimi simtambui.