Mtoto ananyamaza baba akiingia. Nifanyeje bila kuipoteza familia?

Mgeni_Kazini:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, bado mchanga. Kuna familia naitembelea: mama, baba wa kambo na watoto wawili. Ililetwa kwetu baada ya mwalimu kuona alama za fimbo mgongoni mwa yule mkubwa, mwenye miaka saba. Sasa hivi mambo yanaonekana shwari. Mama anapokea simu, baba hakosi kikao, na nyumba ni safi kila nikifika. Ila mtoto akisikia baba anafungua mlango, anaacha maneno katikati na kutazama sakafu. Tumefundishwa kufanya kazi na familia nzima. Nikiomba kukaa na mtoto peke yake, nahofia baba ataona namchunguza, na kuaminiana kote kutaishia hapo.

Bibi_Mashauri:
Mwanangu, kaa naye. Kazi ipo kwenye namna ya kuomba. Sema mbele ya wote kwamba ndio utaratibu wako, kila mtu wa nyumba hii utazungumza naye faragha, kisha anza na watu wazima. Mzazi asiye na neno atanuna, lakini atakubali. Ukiambiwa kila mara mtoto kalala, mtoto kaenda kwa shangazi, andika hayo kwenye faili pamoja na tarehe. Ikiwezekana muonane shuleni, maana nyumbani kuta zina masikio.

Usimuulize "baba anakupiga?" Hapo unamwekea jibu mdomoni, na shauri likifika mahakamani swali hilo litakurudi. Mwambie akusimulie jana yake tangu alipoamka: nani alikuwepo, nani alitoka, usiku ulikuwaje. Halafu nyamaza. (Vijana mnaogopa sana kimya!) Na usimwahidi siri. Mweleze mapema kwamba akikuambia kuna mtu anamuumiza, utalazimika kuwaambia wanaoweza kusaidia, na utamtajia ni akina nani.

Faili_Nene:
Nyumba safi na mahudhurio mazuri visikulaze. Soma ripoti ya uchunguzi wa Lord Laming ya 2003 kuhusu Victoria Climbié, mtoto aliyefariki London mwaka 2000 kwa mateso ya walezi wake, akiwa na miaka minane. Ustawi wa jamii, polisi na hospitali wote walishamwona. Maelezo ya mlezi ndiyo yaliyosikilizwa, mtoto mwenyewe karibu hakuna aliyekaa naye akazungumza naye ipasavyo. Mimi kila baada ya ziara najiuliza: leo nimejua nini kuhusu mtoto ambacho hakikutoka kwa mtu mzima?

Mjomba_wa_Vikao:
Nipinge kidogo. Mkimgeuza baba mshukiwa tangu mwanzo, atajifunza kuwaigizia tu. New Zealand, tangu sheria yao ya 1989, ukoo unaitwa kikaoni na kupewa muda wa kupanga wenyewe, bila maafisa chumbani. Baadaye mpango unapitiwa. Tafuta mtu wa ukoo asiyemwogopa huyo baba. "Nimeahidi sitampiga tena" si mpango wa usalama. Mpango unasema baba akipandisha hasira nani anatoka, mtoto anakimbilia kwa nani, na huyo mtu anampigia nani simu.

Bibi_Mashauri:
Sawa Mjomba, ila kikao kije baada ya mtoto kusikilizwa. Usimkalishe na anayemwogopa halafu umuulize kama yuko salama.

Mgeni_Kazini:
Nashukuru sana, Bibi, nanyi wakuu. Nitaongea na mwalimu tupate chumba. Moja tu: akinieleza jambo zito, na jioni anatakiwa kurudi kwa baba?

Bibi_Mashauri:
Huondoki hapo shuleni. Mpigie msimamizi wako mtoto akiwa bado na mwalimu, na baba asipigiwe simu kwanza. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyanyooshe. Mkiona kuna hatari, polisi wajulishwe. Kabla ya shule kufungwa mnaamua na msimamizi mtoto analala wapi, na mtoto anaambiwa na wewe mwenyewe.